Kwa Nini Mamba Si Amfibia

Kitabu cha sayansi cha shule ya msingi huwagawa wanyama wenye uti wa mgongo katika makundi matano: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Kundi la pili hupewa maelezo mafupi ambayo karibu kila aliyepita darasani anayakumbuka, kwamba amfibia ni wanyama wanaoishi majini na nchi kavu. Mtoto aliyekulia Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ana kila sababu ya kunyoosha mkono na kuuliza kwa nini mamba hayumo. Mamba huwinda majini, huota jua ufukweni na hutaga mchangani. Kenge naye ni vivyo hivyo. Kiboko hushinda majini mchana kutwa, na giza likiingia hupanda kula majani mbali na maji. Ziwa hilo lina hata swila wake, nyoka mwenye sumu kali anayejificha kwenye mawe ya ufukweni na kuzamia kutafuta samaki, akakaa chini ya maji dakika kadhaa kabla ya kuibuka kuvuta pumzi. Maelezo ya kitabu yakichukuliwa kama yalivyo, wote hao ni amfibia. Mwalimu atajibu kwamba sivyo: mamba, kenge na swila ni reptilia, kiboko ni mamalia, na amfibia tunayemjua ni chura. Jibu ni sahihi, lakini halimtoshelezi aliyeuliza, kwa sababu halimwonyeshi tofauti iko wapi. Naona tofauti hiyo inastahili kuelezwa vizuri, tena kwa watu wazima pia, maana inagusa namna tunavyotunza mabonde na vyanzo vya maji zaidi ya inavyogusa mtihani.

Tatizo lilianzia kwenye neno lenyewe. Amfibia tumelipata kutoka Kiingereza, amphibian. Kiingereza kililichukua kutoka Kilatini, nacho Kilatini kutoka Kigiriki. Wagiriki waliunganisha amphi, yaani pande zote mbili, na bios, yaani maisha. Neno halikutungwa kwa ajili ya chura. Lilimfaa kiumbe yeyote aliyeonekana majini na nchi kavu, na Waingereza wa karne ya 17 walipolipokea walilitumia kwa upana uleule. Sili wa baharini, fisimaji na mamba wote walihesabiwa humo. Thomas Browne, daktari wa Kiingereza ambaye kitabu chake Religio Medici kilichapwa miaka ya 1640, alithubutu kumwita binadamu mwenyewe amfibia wa kweli, kwa kuwa anaishi katika ulimwengu wa mwili na ulimwengu wa roho kwa wakati mmoja. Baadaye Msweden Carl Linnaeus, ambaye utaratibu wake wa kuwapa viumbe majina mawili ya Kilatini unatumika hadi leo, alilifanya neno hilo kuwa jina la kundi zima. Katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, la mwaka 1758, kundi la Amphibia lina vyura, nyoka, mijusi, kasa na mamba, na hata papa na taa. Wataalamu waliomfuata walilipangua polepole. Mfaransa Pierre André Latreille, mwaka 1825, ni miongoni mwa waliowatenga kabisa vyura na jamaa zao mbali na reptilia, na jina la zamani likabaki upande wa chura. Kwa hiyo mtoto wa Kasanga anayemweka mamba katika kundi moja na chura anafikiri kama alivyofikiri Linnaeus, na si haba.

Tawi jingine la neno hilo liliingia jeshini. Kiingereza huliita hivyo shambulio linaloanzia baharini na kumalizikia nchi kavu, na gari la vita linaloweza kuogelea. Pwani yetu ina mfano unaosomwa hadi leo: Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000 waliotoka India, wakashindwa na kikosi kidogo sana cha Wajerumani na askari wa Kiafrika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Katika matumizi hayo neno linabeba maana ya mahali tu, ulikotoka na ulikofika, na kwa shughuli za jeshi maana hiyo inatosha. Kwenye elimu ya viumbe haitoshi, na hapo ndipo maelezo ya kitabu cha shule yanapopwaya.

Wataalamu wa karne ya 19 hawakuuliza tena mnyama anaonekana wapi. Walimchunguza anavyozaliwa na anavyopumua. Chukua yai la mamba. Lina gamba, na ndani ya gamba mna tando zinazoshika maji huku zikiruhusu hewa kuingia na kutoka. Mama analifukia kwenye mchanga, mbali kidogo na maji, na mtoto anakua humo ndani akiwa na maji yake mwenyewe hadi siku ya kutoka. Babu wa reptilia, ndege na mamalia walipata yai la namna hiyo zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na kuanzia hapo walikuwa huru kuishi popote, hata jangwani. Yai la chura halina gamba wala tando hizo. Ni kiini cheusi kilichozungukwa na ute, na likiachwa juu ya jiwe penye jua hukauka upesi na kufa. Mamba, basi, hata akikaa majini maisha yake yote, ni mnyama wa nchi kavu aliyerudi majini kwa hiari. Chura, hata akiishi kichakani, ana deni kwa maji ambalo hajawahi kulimaliza.

Deni la pili liko kwenye ngozi. Ngozi ya mamba na ya swila ina magamba makavu yanayozuia maji ya mwili yasipotee. Ngozi ya chura ni nyembamba, haina magamba, na lazima iwe na unyevu, kwa sababu chura hupumua kwa mapafu na kwa ngozi pia. Hewa ya oksijeni huyeyuka kwenye unyevu huo na kupenya hadi kwenye damu. Hata kunywa, chura hanywi kwa mdomo. Ukimwona amejibandika kwenye udongo wenye majimaji, miguu ya nyuma imetanuka na tumbo limegusa chini, huenda anakunywa: sehemu ya ngozi ya tumboni karibu na mapaja ina mishipa mingi midogo ya damu inayofyonza maji moja kwa moja kutoka ardhini. Ngozi hiyohiyo inayopitisha maji na hewa hupitisha pia sumu na magonjwa. Dawa ya kuulia wadudu inayooshwa na mvua hadi bondeni humfikia chura bila yeye kufungua mdomo.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo maana ya Kigiriki inabaki palepale, kwa sababu chura huanza maisha majini akiwa kiluwiluwi na kuyamaliza nchi kavu akiwa chura. Nakubali kwamba kwa vyura wengi ndivyo ilivyo, na badiliko lenyewe ni moja ya mambo makubwa katika viumbe vyote. Kiluwiluwi ana matamvua kama ya samaki, mkia wa kuogelea, na utumbo mrefu uliojiviringa wa kusaga mimea na mwani. Katika wiki chache utumbo unafupika ili ufae kumeng'enya wadudu, mapafu yanachukua nafasi ya matamvua, miguu inaota na mkia unanyonywa na mwili hadi unakwisha. Inayoamuru yote hayo ni homoni inayotengenezwa na tezi ya shingoni. Mwaka 1912 mtafiti Friedrich Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya shingo ya farasi, na wakageuka vyura wadogo kabla ya wakati wao. Homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto, yaleyale yanayotiwa kwenye chumvi yetu, na yaleyale ambayo upungufu wake uliwasumbua kwa tezi la shingo wakazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini kabla chumvi hiyo haijaenea. Mtoto wa binadamu na kiluwiluwi wanakua kwa amri ya homoni moja.

Pamoja na hayo, ukisema amfibia ni mwenye maisha mawili, utakwama ukianza kuwahesabu mmoja mmoja. Katika madimbwi mengi ya Afrika Mashariki yuko chura mwenye kucha miguuni, wa jamii ya Xenopus, ambaye huishi na kulia na kuwinda majini, na hutoka nchi kavu kwa nadra sana. Ndugu yake wa Afrika Kusini alisafirishwa dunia nzima kuanzia miaka ya 1930 kwa ajili ya kupima ujauzito: chura alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai jibu ni ndiyo. Maabara zilimweka kwenye tangi la maji bila kumwekea kipande cha nchi kavu, naye akaishi. Upande wa pili, katika vilima vya Taita nchini Kenya, yuko amfibia asiye na miguu, Boulengerula taitana, anayefanana na mnyoo mkubwa na kuishi ndani ya udongo wa mashamba. Haingii kwenye dimbwi hata siku moja. Hutaga ardhini, na watoto wake wanatoka wakiwa na umbo la mama yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha jinsi anavyowalea: ngozi ya mama hunenepa kwa mafuta, na watoto wana meno maalumu ya kuimenya na kuila tabaka kwa tabaka, naye mama akabaki mzima. Hawa wawili, mmoja haachi maji ila kwa nadra na mwingine hayagusi, wote ni amfibia bila ubishi. Samaki wa mikoko ya pwani anayerukaruka matopeni maji yakipwa, ambaye kweli anaishi pande zote mbili kila siku, si amfibia.

Kuna mfano mwingine ambao ungeweza kuangusha hata hoja yangu ya ngozi. Katika savana na miombo ya Tanzania yuko chura wa mtini wa jamii ya Chiromantis, ambaye anaweza kukaa juani juu ya tawi wakati wa kiangazi hadi mwili wake ukageuka mweupe. Ngozi yake hupoteza maji kidogo kuliko ya vyura wengine, na mkojo wake ni mzito kama wa ndege, usiotumia maji mengi. Mtu anaweza kusema huyu amelipa deni lake na kuwa mnyama wa nchi kavu. Lakini mtazame wakati wa kuzaa. Jike huchagua tawi lililoning'inia juu ya dimbwi, akatoa majimaji, na yeye pamoja na madume huyapiga kwa miguu ya nyuma hadi yanakuwa povu zito jeupe. Mayai yanabaki katikati ya povu hilo, ambalo sehemu yake ya nje hukauka na kuhifadhi unyevu wa ndani. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka kutoka kwenye povu hadi kwenye maji yaliyo chini. Dimbwi likikauka kabla ya hapo, kizazi chote cha tawi lile kimekwisha. Aliyeponyoka deni la ngozi amenaswa na deni la yai. Na huo ndio msimamo wangu: amfibia ni mnyama ambaye hajajitenga na unyevu, ama kwa ngozi yake, ama kwa yai lake, na mara nyingi kwa vyote viwili. Anaweza kuwa popote, ilimradi unyevu huo uwepo.

Ushahidi mzito kuliko wote uko hapahapa Tanzania, katika korongo la Mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme likiwa linajengwa, watafiti walimkuta chini ya maporomoko ya mto huo chura mdogo wa rangi ya njano, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi. Alikuwa mgeni kabisa kwa sayansi, akapewa jina la Nectophrynoides asperginis, ambalo sehemu yake ya pili inatokana na neno la Kilatini la maji ya kunyunyiza. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta mbili hivi za majani na kuvumwani yaliyolowa saa zote kwa rasharasha za maporomoko. Chura huyu hana kiluwiluwi anayeogelea. Mayai hutungwa na kukua ndani ya tumbo la mama, na watoto huzaliwa wakiwa vyura kamili, wenye urefu wa milimita chache tu. Jamii yake inajulikana kwa sifa hiyo tangu mwaka 1905, Mjerumani Gustav Tornier alipotangaza kwamba katika koloni lao la Afrika Mashariki wako vyura wanaozaa. Kwa maana ya Kigiriki, chura wa Kihansi hana maisha mawili. Hatagi dimbwini, hapiti utoto wa majini, haogelei kutafuta chakula. Aliyemtazama kwa kipimo cha kitabu cha shule angesema huyu ni mnyama wa nchi kavu, na kwamba mto ukipungua hatajali.

Mto ulipungua. Mitambo ya Kihansi, yenye uwezo wa megawati 180, ilianza kazi kati ya 1999 na 2000, na karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji yaliyokuwa yakianguka korongoni yakaelekezwa kwenye mashine. Rasharasha zikapotea, majani yaliyokuwa yamelowa yakaanza kukauka, na idadi ya vyura ikashuka. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama zilizoongozwa na ile ya Bronx jijini New York, ili mbegu yao isipotee. Korongoni yalitandazwa mabomba yenye matundu ya kunyunyizia, yanayosukumwa kwa mteremko wa maji yenyewe, na kwa muda ikaonekana dawa imepatikana, kwani vyura waliongezeka tena. Kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla. Kuvu anayeshambulia ngozi ya amfibia, aliyekwisha kuua vyura katika mabara mengi, alikutwa kwenye maiti zao. Kuvu huyo huvuruga kazi ya ngozi ya kupitisha maji na chumvi, hadi moyo unasimama. Kufikia mwanzoni mwa 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, likatangaza kwamba wametoweka katika makazi yao ya asili. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kutoka Marekani hadi kwenye maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kundi la kwanza likarejeshwa korongoni.

Ukiisoma habari hiyo kwa makini utaona kwamba kila hatua ilipitia ngozini. Kilichowaweka hai kabla ya bwawa ni unyevu juu ya ngozi. Kilichowapunguza ni kukosekana kwake. Kilichowaongeza tena ni mabomba yaliyourudisha. Na ugonjwa uliokutwa kwenye maiti zao ni ugonjwa wa ngozi. Bwawa la kuogelea lisingewafaa, na msitu mkavu usingewafaa. Maisha yao yalitegemea mahali pasipo mto wala nchi kavu, penye matone hewani saa zote. Kipimo cha majini na nchi kavu kisingetambua mahali pa namna hiyo, kwa kuwa hapahesabiki upande wowote.

Najua pingamizi linalofuata, nalo ni zito. Nchi inahitaji umeme. Megawati 180 kwa Tanzania ya mwaka 2000, iliyokuwa ikikumbwa na mgawo kila mabwawa yalipokauka, hazikuwa jambo dogo, na mzazi ambaye mwanawe anafanyiwa upasuaji hospitalini hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya chura wa sentimita mbili. Sina ubishi na mzazi huyo. Ninachosema ni kwamba Kihansi haikuwalazimisha watu kuchagua kati ya taa na chura. Mitambo inafanya kazi, na kiasi kidogo cha maji kinaachwa kipite korongoni. Hasara kubwa ilitokana na kuchelewa: chura alijulikana ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, kwa sababu uchunguzi wa awali haukuangalia vya kutosha kilichokuwa kikiishi chini ya maporomoko. Baada ya hapo kila kitu kikawa cha dharura na cha gharama, kuanzia mabomba na ndege hadi maabara na wataalamu wa nchi mbili kwa zaidi ya miaka kumi. Kuuliza mapema ni kiumbe gani hapa anaishi kwa unyevu huu kungegharimu sehemu ndogo sana ya hayo.

Pingamizi jingine linatoka kwa wapenzi wa lugha. Watasema asili ya neno haitawali maana yake ya leo. Neno hubadilika, na hakuna anayepotea njia kwa sababu Wagiriki walisema maisha ya pande mbili. Kwa jumla ni kweli, na nisingeligusa neno hili kama lingekuwa limelala kamusini. Lakini maana ile ya zamani bado inafundishwa kama ndiyo tafsiri, na mtoto anayefundishwa hivyo akiwa darasa la nne ndiye diwani, bwana shamba au mhandisi wa kesho. Akiamini kwamba amfibia ni mnyama mwenye makazi mawili, atadhani akiharibiwa moja anabakiwa na jingine. Hali halisi ni kinyume: anayehitaji maji kwa yai na nchi yenye unyevu kwa ngozi hupotea ukimwondolea chochote kati ya hivyo. Tathmini ya IUCN iliyochapishwa mwaka 2023 iliona kwamba amfibia wapatao asilimia 41 wako hatarini, kiwango kikubwa kuliko cha ndege, mamalia au reptilia. Wanyama wenye makazi ya akiba wasingekuwa katika hali hiyo.

Hapo ndipo suala linapofika Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, na uwanda wote wa Ufipa. Uwanda huu umeinuka kati ya maziwa mawili. Vijito vinavyoshuka mashariki huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kulitoa maji. Vinavyoshuka magharibi, ukiwemo Mto Kalambo wenye maporomoko ya zaidi ya mita 200 kwenye mpaka na Zambia, huingia Ziwa Tanganyika na hatimaye, kwa njia ya mito Lukuga na Kongo, Bahari ya Atlantiki. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu. Katika miezi hiyo mikavu unyevu hubaki kwenye mabonde yenye nyasi, kwenye chemchemi za vilima na kwenye misitu kama ule wa Mbizi juu ya mji wa Sumbawanga. Chura wa uwanda huu ana maji mengi kwa nusu mwaka tu. Nusu iliyobaki hujificha kwenye udongo, chini ya magogo, kwenye mizizi ya matete na katika nyufa za mteremko, akisubiri. Kwa hiyo makazi yake ni bonde pamoja na ubavu wa kilima ulio juu yake.

Sheria yetu inalinda upande mmoja. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa la maji. Ni sheria nzuri, na mahali inapofuatwa maji yananufaika. Lakini ilipimwa kwa ajili ya maji. Mwaka 2003 watafiti Raymond Semlitsch na Russell Bodie walikusanya tafiti nyingi, hasa za Amerika Kaskazini, kuhusu umbali ambao amfibia husogea kutoka kwenye maji wanamozaliana, wakapata kwamba eneo lao la lazima nchi kavu hufika kati ya mita 159 na 290. Vyura wa Ufipa si wale wa Amerika, na umbali wao utakuwa mwingine. Hata hivyo sioni sababu ya kudhani kwamba wetu, wenye kiangazi cha miezi sita, wanahitaji nchi kavu kidogo kuliko wenzao.

Mkulima atauliza kama natafuta kumnyang'anya shamba lake hadi mita 290. Hapana. Mita 60 tayari zinamuuma mwenye eka mbili bondeni, na amri ya kufukuza watu mabondeni haijawahi kumwongezea chura hata siku moja ya kuishi pale watu walipobaki na hasira. Juu ya zile mita 60 kinachohitajika ni namna ya kulima, na Wafipa wana utaratibu wa zamani unaofaa. Matuta yao ya mviringo, intumba, hutengenezwa kwa kuzika nyasi chini ya udongo mvua zikielekea mwisho, badala ya kuzichoma. Nyasi huoza, udongo unapata rutuba, na ardhi hubaki na unyevu ambao moto ungeumaliza. Shamba la namna hiyo kwenye ubavu wa bonde linapitika kwa mnyama mwenye ngozi ya kunywea. Shamba lililochomwa, likapigwa dawa hadi kwenye ukingo wa kijito, halipitiki. Mkulima naye anahitaji unyevu uleule Agosti kwa bustani ya mboga na kwa ng'ombe, na wengi wa wadudu wanaoliwa na vyura ni walewale wanaokula maharage.

Nyenzo ya kuliweka hilo katika maandishi ipo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji mamlaka ya kuandaa mpango wake, unaoonyesha wapi ni makazi ya watu, wapi ni mashamba, wapi malisho na wapi hifadhi ya maji. Kwa kawaida bonde huchorwa kama mstari wa buluu na ukanda wake wa mita 60, na ubavu wa kilima huingizwa kwenye rangi ya mashamba. Wanakijiji wa Kalambo wanajua bonde lipi hubaki na maji hadi Agosti na lipi hukauka Juni, chemchemi ipi haijawahi kukoma, na upande upi wa kilima vyura hutokea mvua za kwanza zikinyesha. Maeneo hayo yachorwe yakiwa kitu kimoja, maji na mteremko wake, na masharti ya kulima humo bila moto na bila dawa karibu na kijito yaandikwe kwenye sheria ndogo za kijiji. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka Marekani wala mabomba ya kunyunyizia.